Joy Adamson Kabla ya Simba

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya upili hapa Machakos Joy Adamson alikuwa nani, naye atakutajia Elsa, yule simba jike wa kitabu kilichotolewa mwaka wa 1960. Jibu hilo si kosa, ila limeacha nje kazi inayotuhusu zaidi sisi wenyewe.

Alizaliwa mwaka wa 1910 katika mji wa Troppau, ambao leo huitwa Opava, katika Jamhuri ya Cheki, akafika Kenya mwaka wa 1937. Kwanza alichora maua. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuzunguka nchini akiwachora wazee, wanawake na vijana wa makabila mbalimbali, Wakamba wakiwamo, katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Picha hizo zilifikia mamia.

Kazi ya namna hii haikuanzia kwake. Katika karne ya 17 Wenceslaus Hollar, mzaliwa wa Prague, katika nchi hiyo hiyo ya Cheki ya leo, alichora kwa sindano juu ya mabamba ya shaba, akayatia tindikali, akachapa sura za wanawake wa Ulaya, Waholanzi wakiwamo, kila mmoja na vazi la kwao. Lakini wanawake wa Hollar hawakuwa chini ya mtawala mgeni aliyewataka wayaache mavazi hayo. Huku kwetu, utawala uliogharimia picha ndio huo huo uliokuja na kodi, vibarua na shule za misheni, mambo yaliyowavua wazee wetu mapambo yao. Adamson alikuwa akishindana na mwajiri wake mwenyewe.

Nami nikiwa mwanaisimu nina uchungu wangu wa pekee. Picha huhifadhi ushanga. Haihifadhi jina la ushanga. Wafuaji wa mikufu ya shaba Ukambani walikuwa na istilahi zao, na leo mwanafunzi wangu mwenye Kikamba safi huitazama mikufu hiyo akaiita cheni tu.

Adamson aliuawa huko Shaba tarehe 3 Januari 1980. Picha zake nyingi zimo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, safari fupi ya matatu kutoka hapa. Mabasi ya shule zetu yakifika pale, wanafunzi hukimbilia kwanza kwenye nyoka.