Habari za Hamed bin Muhammed el-Murjebi na Macho ya Watu

Hamed bin Muhammed, aliyejulikana bara na pwani kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma el-Murjebi, alikuwa tajiri wa bara, akaweka maskani Tabora, akamwoa Karunde binti wa mtemi Fundikira, na kwa ukwe huo akapata heshima kubwa katika Unyanyembe. Basi neema ilianza kwa baba kabla ya kumfikia mwana, na penye neema macho ya watu hayakosekani.

Wanavyuoni wamepambanua mambo mawili: hasadi, nayo ni kutaka neema imwondokee mwenziwe, na ghibta, nayo ni kutamani mfano wake pasipo kumchukia aliyeneemeshwa. Katika Tabora ya siku zile yote mawili yalilala nyumba moja. Mfanyi biashara aliyerudi na pembe alipokewa kwa mizinga ya bunduki, akapikiwa, akaombewa dua. Kisha barazani mizigo yake ikahesabiwa, na kila mtu akapima na yake moyoni. Wengi walichukua bidhaa kwa Wahindi wa Unguja kwa muda na faida nzito, na safari ikiharibika deni halikuharibika. Kwa hiyo furaha ya kumwona ndugu amerudi salama ilikuwa ya kweli, na uchungu nao ulikuwa wa kweli.

Hamed alipofika Tabora na baba yake alikuwa kijana wa miaka kama 18. Baba alitaka mali ya safari iwe mkononi mwa mtu mwingine, mzoefu wa njia. Kijana akakataa, akasema afadhali arudi pwani. Baba akamwachia. Wakavuka ziwa hata Urua, na huko wenziwe wakagombea pembe kubwa zenye bei ghali, yeye akakusanya ndogo kwa bei rahisi, akapata faida. Pengine hapana mtu duniani afurahiye kuzidiwa, ila baba na mwanawe.

Mwaka 1867 alipigana na Nsama wa Itabwa, mtemi aliyeogopwa na wasafiri wote, akamshinda, akachukua frasila 1,950 za pembe. Hapo likaenea jina la Tippu Tip. Wengine husema ni mlio wa bunduki zake, wengine husema ni kupepesa kwake macho. Lakini mwenye kuitamani mali ile na atazame chini ya mzigo pia: watu wangapi waliichukua hali wamefungwa shingo, na vijiji vingapi viliachwa majivu. Ghibta ya mali ya namna hii ni jambo zito.

Mwaka 1882 aliteremka Unguja kwa Seyyid Barghash. Palikuwa na shauri la kumpa uliwali wa Tabora, halikutimia, akarejea Manyema. Mwaka 1887 akakubali kuwa wali wa Stanley Falls kwa mfalme Leopold wa Ubelgiji, mshahara wake paundi 30 kwa mwezi. Mshahara huo mdogo kwa tajiri kama yeye, lakini cheo kilikuwa kikubwa machoni pa watu. Na aliyemlaumu kwa kuwatumikia Wazungu, huenda naye hakuulizwa na Wazungu.

Pigo lililomkuta mwisho halikutoka mbali. Muhammed bin Khalfan el-Barwani, aitwaye Rumaliza, bwana wa Ujiji, alikuwa mshirika wake wa pembe. Hamed alitoka bara, akafika Unguja mwaka 1891; Rumaliza akabaki, na katika vita na Wabelgiji, hata mwaka 1894, akapoteza karibu kila kitu. Mmoja akawa na mashamba na majumba, mwenziwe hana. Rumaliza akamshitaki, akidai fungu lake la ushirika, na watu waliokula sinia moja wakasimama mbele ya hakimu.

Hamed alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Alifariki Unguja kwa homa, mwezi wa Juni mwaka 1905. Nyumba yake ya Shangani ingali imesimama, na mlango wake wa nakshi.