Coulomb, mhandisi aliyetafuta ufa utapita wapi

Wasikilizaji wetu, tazameni ukuta wa tofali uliopasuka. Mara nyingi ufa huanzia kwenye kona ya dirisha, kisha hushuka kama ngazi ukifuata maungio ya matofali. Siku hizi wahandisi hutumia kompyuta kukadiria njia hiyo kabla ukuta haujapasuka. Kanuni moja kubwa katika hesabu hizo ina zaidi ya miaka 200, na leo tunawaletea maisha ya aliyeiandika.

Charles-Augustin de Coulomb alizaliwa mwaka 1736 mjini Angoulême, Ufaransa. Alisomea uhandisi wa kijeshi huko Mézières, akamaliza mwaka 1761. Mwaka 1764 alipelekwa Martinique, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Ufaransa, kujenga ngome ya Fort Bourbon. Alikaa huko miaka minane hivi. Aliugua mara kwa mara, na afya yake haikurudi kama zamani. Lakini ndiko alikojifunza kwa macho jinsi mawe, chokaa na udongo vinavyobeba uzito.

Mwaka 1773, akiwa amerudi nyumbani, aliwasilisha andiko lake mbele ya wanasayansi wa Paris. Alieleza kwamba mambo mawili huzuia sehemu moja ya ukuta isiteleze juu ya nyingine. La kwanza ni mshikamano. La pili ni msuguano, ambao huongezeka kadiri uzito unavyokandamiza. Nguvu inayosukuma ikiyashinda yote mawili, ukuta hukatika. Kisha akapiga hesabu: kati ya njia zote ambazo nguzo inaweza kukatikia, ipi ni dhaifu kuliko zote?

Kompyuta hufuata mawazo hayo, ungio moja baada ya jingine. Hupima kama matofali yatatengana au yatateleza. Ungio likiachia, mzigo wake huhamia kwa majirani, na hesabu huanza upya, mpaka mstari wa ufa uonekane. Ila ikipewa vipimo visivyo sahihi vya tofali, saruji au udongo wa msingi, itachora ufa mahali pasipo.

Baadaye Coulomb alipata sifa kubwa zaidi kwenye umeme. Kuanzia mwaka 1785 alipima nguvu za chaji kwa mizani ya uzi unaosokotwa, na kipimo cha chaji kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Alifariki Paris mwaka 1806. Jina lake limeandikwa kwenye mnara wa Eiffel.

Kwenu wenye nyumba, ufa wa ngazi mara nyingi ni dalili kwamba msingi umetitia upande mmoja. Wekeni alama ya penseli kwenye ncha zake, andikeni na tarehe. Ukivuka alama, msiupake lipu kuuficha. Mwiteni fundi aangalie msingi kwanza.