Sheikh Muhammad Abduh na Walimu wa Al-Azhar

Wasomaji wetu watatuwia radhi ikiwa safari hii twamrudia mtu ambaye jina lake limekwisha tajwa mara nyingi mbele yao. Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, Mwenyezi Mungu amrehemu, hujulikana na wengi kwa fatwa zake na kwa tafsiri yake ya Qur'ani. Leo hatusemi juu ya hayo. Twataka kumtazama katika kazi moja tu, nayo ni ile ya miaka 10 aliyoifanya miongoni mwa walimu wa Al-Azhar, akitaka kuitengeneza shule kongwe kwa ridhaa ya wale waliokuwa wakisomesha ndani yake. Sababu ya kuichagua kazi hiyo ni jambo lililotufika sisi wenyewe hapa Fedha, nalo tutalieleza mwishoni bila ya kuficha aibu yetu.

Sheikh alizaliwa mwaka 1849, akakulia katika kijiji cha Mahallat Nasr, jimbo la Buhaira, katika nyumba ya wakulima. Alikwisha kuhifadhi Qur'ani alipopelekwa Tanta mwaka 1862 kusoma katika msikiti wa Ahmadi. Huko alikutana na ubaya wa usomeshaji ambao hakuusahau maisha yake yote. Walimu walimtupia istilahi za nahau bila ya kumfasiria, naye hakufahamu lolote. Akadhani kasoro ni yake, akakata tamaa, akatoroka. Akarudi kwao, akaoa, akaazimia kushika jembe kama nduguze.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja, Sheikh Darwish Khadr, mjomba wa baba yake. Mzee huyu hakumkemea wala hakumlazimisha. Alimpa kitabu, akamwomba amsomee mistari michache, kisha akamweleza maana yake kwa upole. Kijana alikitupa kitabu kwa hasira. Mzee akatabasamu, akakiokota, akamwomba tena. Haikupita muda mrefu ila yule aliyekuwa akikichukia kitabu akawa hawezi kukiacha. Wasomaji na walizingatie jambo hili, kwani ndani yake mna siri ya mambo yote yanayofuata: moyo uliofungwa na mwalimu mkali ulifunguliwa na mwalimu aliyeaminika.

Mwaka 1866 aliingia Al-Azhar, msikiti uliokuwa ukisomesha watu tangu karne ya kumi. Mwaka 1871 alikutana na Sayyid Jamaluddin al-Afghani, akawa mwanafunzi wake wa karibu. Alipata shahada ya uanachuoni mwaka 1877, na mwaka uliofuata akasomesha historia katika Darul Ulum, shule iliyowekwa Cairo kwa ajili ya kutayarisha walimu. Baada ya vita vya Urabi Pasha mwaka 1882 alihamishwa nchi. Akakaa Beirut na Paris, na aliporudi Beirut akasomesha katika shule ya Sultaniyya. Mwaka 1888 aliruhusiwa kurejea Misri, akafanywa kadhi.

Khediwi Abbas Hilmi alishika utawala mwaka 1892, na Sheikh akapata nafasi ya kumweleza kuwa hakuna la kutengenea Misri ikiwa Al-Azhar imebaki ilivyo. Mwaka 1895 likaundwa baraza la kuisimamia shule hiyo. Ndani yake walikuwamo masheikh wa madhehebu, pamoja na wajumbe wawili wa serikali, yaani Sheikh Muhammad Abduh na rafiki yake Sheikh Abdulkarim Salman. Tangu hapo amri haikuwa tena ya mtu mmoja peke yake.

Sasa mtu angetazamia kuwa mtengenezaji huyu angeanza na vitabu na mitihani, kwani hayo ndiyo yaliyomuudhi tangu utotoni. Kwa hakika nia yake ilikuwa huko, lakini mlango alioingilia ulikuwa mwingine. Alianza na maisha ya walimu.

Hali ya walimu ilikuwa hivi. Mishahara yao haikuwa na kanuni. Mmoja alipata cha kumtosha, na wa pili, aliyelingana naye kwa elimu na kwa miaka, alipata kidogo mno. Mgawanyo ulikuwa mikononi mwa mkubwa wa Al-Azhar, na aliyetaka kuongezewa ilimbidi atafute upendeleo. Hali kadhalika majoho ya heshima waliyopewa wanavyuoni: yalikwenda kwa wenye kujulikana kabla ya kwenda kwa wenye kustahili. Katika hali kama hiyo mwalimu hawezi kumwamini mwalimu mwenziwe, kwa kuwa kila mmoja ni mshindani wake mlangoni pa mkubwa. Wala hawezi kusema kweli katika baraza, kwa kuwa kweli yaweza kumnyima mkate. Na likija jambo jipya, swali lake la kwanza si kwamba lina faida gani kwa wanafunzi, bali ni nani atakayeinuliwa na nani atakayeangushwa.

Sheikh aliliona hilo. Akaishawishi serikali itoe fedha zaidi kwa ajili ya walimu, kisha baraza likaandika kanuni ya kuzigawa kwa daraja zinazojulikana. Majoho nayo yakawekewa kanuni. Baada ya walimu akawageukia wanafunzi. Chakula chao kikazidishwa, maji na taa zikatengenezwa, makazi yakaangaliwa, akawekwa tabibu na duka la dawa. Vitabu vilivyokuwa vimetawanyika, vingine vikiliwa na mchwa, vikakusanywa katika maktaba moja mwaka 1897.

Ndipo yalipokuja masomo yenyewe. Kanuni ya mwaka 1896 ilipanga elimu zilizo makusudio na elimu zilizo njia, ikaweka mitihani, ikaingiza hesabu na aljebra, na kuleta historia na jiografia. Mambo haya leo twayaona madogo, ilhali miaka michache kabla yake ilibidi mkubwa wa Al-Azhar aombwe fatwa kama yajuzu kufundisha hesabu. Naye Sheikh hakutosheka na kuamrisha. Tangu mwaka 1899 alikaa ndani ya Al-Azhar baina ya Magharibi na Isha akisomesha tafsiri, akajitia yeye mwenyewe katika kazi aliyowataka wenziwe waifanye.

Lau tungeishia hapa tungekuwa tumemsifu mtu na kuwadanganya wasomaji. Kazi hii haikutimia, na yapasa tuseme kwa nini.

Kwanza, wakubwa walibadilishwa mno. Baina ya mwaka 1899 na 1905 watu 5 walishika ukuu wa Al-Azhar, wengine wakiyataka matengenezo na wengine wakiyachukia. Mwalimu aliyeona kanuni ikiandikwa na huyu na kuachwa na yule alijifunza kungoja tu.

Pili, Khediwi aliyeufungua mlango ndiye aliyetaka kuufunga. Mara moja alitaka joho la heshima apewe mtu wake, na baraza likampa aliyestahili kwa mujibu wa kanuni. Khediwi alipokasirika, Sheikh alimjibu mbele ya watu kwamba kanuni ni ya Khediwi mwenyewe, na akitaka yasiyokuwamo ndani yake basi aibadilishe kwa kanuni nyingine. Sisi twaiona siku hiyo kuwa ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote katika miaka ile 10, kwani mwalimu mnyonge aliona kuwa haki iliyoandikwa yaweza kulindwa hata mbele ya mtawala. Lakini Sheikh aliinunua kwa thamani kubwa, na tangu hapo hakupendwa tena na Khediwi.

Tatu, na hili ni zito kwetu kulisema juu ya mtu tumpendaye, Sheikh mwenyewe alikuwa na ulimi mkali. Aliyasema mafunzo ya Al-Azhar kwa dharau, na maneno yake yakawafikia wazee waliokuwa wametumia umri wao wote kuyasomesha. Tena alikuwa na masikilizano na Lord Cromer, mwakilishi wa Uingereza aliyekuwa na nguvu kuliko Khediwi. Huenda aliona hapana njia nyingine ya kupata msaada, lakini wenye shaka walipata la kushika, na magazeti ya maadui zake yakalikuza. Mwalimu aliyezidishiwa mshahara kwa mkono wa Sheikh alisikia pia kuwa Sheikh huyo huyo aidharau elimu yake. Fedha hazikuweza kuliponya jeraha hilo.

Mwezi wa Machi 1905 alijiuzulu katika baraza, pamoja na Sheikh Abdulkarim Salman. Tarehe 11 Julai mwaka huo huo alifariki dunia mjini Alexandria. Lakini mbegu haikufa. Mwanafunzi wake Sheikh Mustafa al-Maraghi alishika ukuu wa Al-Azhar mwaka 1928, na tena kutoka 1935 hadi 1945, na baada yake mwanafunzi mwingine, Sheikh Mustafa Abdurraziq. Na kwa njia ya gazeti la Al-Manar, lililoanzishwa na Sayyid Rashid Rida mwaka 1898, fikira zake zilivuka bahari hadi pwani yetu. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa (1891–1947) alilisoma, naye akatoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na kuwahimiza Waislamu wa nchi hii watengeneze masomo ya watoto wao, wa kiume na wa kike.

Sasa twarudi Fedha kama tulivyoahidi. Sisi tulio katika darsa hii tulipewa amana ya kuisaidia madrasa moja ya mtaa wetu. Tuliona kasoro zake: watoto walirudia juzuu ile ile mwaka hadi mwaka, hapakuwa na mtihani, na kila mwalimu alisomesha apendavyo. Tukaketi usiku mmoja, tukaandika ratiba mpya, na daftari la kuwapima walimu, na siku ya kuanza. Hatukumwita hata mwalimu mmoja. Wakati huo walimu walikuwa wakitudai posho ya miezi miwili. Mwalimu mkubwa kuliko wote kwa umri, aliyewasomesha baadhi yetu tulipokuwa wadogo, alizipata habari kwa mzazi njiani.

Yaliyofuata hayahitaji kuelezwa sana. Walimu wawili waliacha, na mzee akawa wa tatu. Waliobaki walizungumza nasi kwa heshima na hawakutuambia lolote la kweli. Watoto wakapungua. Tuliwalaumu walimu kwa kuchukia maendeleo, mpaka tulipousoma wasifu huu katika darsa, tukaona kwamba tulimwiga Sheikh katika ulimi wake, tukamwacha katika kanuni yake.

Tumekwisha fanya machache. Posho zote zimelipwa kabla ya kulitaja tena jambo la ratiba. Kiwango cha kila mwalimu kimeandikwa na kinajulikana na wote. Walimu wawili wamechaguliwa na wenzao kuingia katika kamati yetu, na tumeazimia kuwa mwalimu asisemwe katika kikao asichokuwapo. Daftari la kuwapima tumeliweka kando. Badala yake, kila mwalimu huketi mara moja kwa mwezi katika darasa la mwenziwe, si kumhukumu, bali kujifunza kwake na kumsaidia. Mmoja wa walioacha amerudi. Na mtihani wa kwanza umetungwa na walimu wenyewe, na ni mgumu kuliko ule tuliouandika sisi.

Mzee wetu hajarudi. Tulimpelekea mtu, naye akashukuru na kusema kuwa ana udhuru. Twafahamu udhuru huo ni upi. Ijumaa hii, inshallah, tutakwenda wenyewe nyumbani kwake, sote tulioketi usiku ule, na hatutakwenda kumwomba asomeshe. Tutakwenda kumwomba msamaha, na akitaka kutusemesha kwa ukali tutanyamaza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Muhammad Abduh, amsamehe alipokosea na amlipe alipopatia. Na atupe sisi moyo wa kuwatengeneza wengine baada ya kujitengeneza nafsi zetu. Amin.