Nygaard, mtu wa foleni

Ukiwa Likoni asubuhi, hebu tazama foleni ya feri. Trela, matatu, tuktuk, bodaboda. Sasa ukiambiwa uiigize foleni hiyo kwenye kompyuta, utaandika msimbo mara ngapi? Kila chombo na wake?

Swali la aina hiyo lilimsumbua Kristen Nygaard, aliyezaliwa Oslo, Norway, mwaka 1926. Alianza mwaka 1948 kwenye utafiti wa jeshi, akipiga hesabu, na huko ndiko alikojuana na Ole-Johan Dahl. Baadaye, katika Kituo cha Kompyuta cha Norway, wawili hao wakaunda Simula, lugha ya programu ya kuigiza mambo yanayosubiriana.

Mfano uliowaumiza kichwa ulikuwa daraja lenye kibanda cha ushuru. Malori na mabasi yote yanafika, yanasubiri, yanalipa. Lakini lori lina tani za mzigo, basi lina abiria. Ukiandika kila moja kivyake, unarudia kazi ileile. Ukiyachanganya ovyo, siku moja programu itajumlisha abiria na tani za saruji, na jibu litatoka, tena bila aibu! Mimi chuo niliacha njiani, lakini hili hata makanga wa Changamwe analielewa.

Mwanzoni mwa 1967 dawa ikapatikana. Unaandika aina moja, gari, yenye yale ya wote. Lori na basi yanarithi hayo, kisha kila moja linaongeza lake. Foleni inayapokea yote, ila ukiuliza gari tu lina abiria wangapi, unakataliwa kabla programu haijaanza kazi. Kwanza thibitisha ni basi.

Haikuwa kazi ya kimyakimya. Inasimuliwa kuwa mfanyakazi mgeni alimkimbilia opareta wa simu, akidhani wanaume wawili wanapigana mbele ya ubao. Opareta akasikiliza, akamtuliza: ni Dahl na Nygaard tu, wanajadili Simula.

Miaka ya 1970 Nygaard alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa vyuma, ili nao wawe na sauti kompyuta zinapoingia kiwandani. Waulize makuli wa Kilindini kama hilo ni jambo dogo. Mwaka 1994 aliongoza kampeni ya kupinga Norway kuingia Umoja wa Ulaya, na kura ikasema hapana.

Yeye na Dahl walipewa Tuzo ya Turing ya 2001. Dahl akafariki Juni 2002, Nygaard Agosti mwaka huohuo. Na wewe unayejifunza Java pale Kisauni, ile klasi unayoandika ilitoka Simula, ikapitia C++, ndo ikakufikia.