Louis Pasteur, Mwana wa Askari Aliyefichua Siri ya Siki

Louis Pasteur alizaliwa Dole, Ufaransa, tarehe 27 Desemba 1822. Baba yake, aliyepata kuwa sajini katika jeshi la Napoleon, alikuwa mtengeneza ngozi.

Mafundi wa siki wa Orléans waliacha mvinyo majuma kadhaa katika mapipa yasiyojaa, bila kujua kiugeuzacho. Liebig, mkemia mashuhuri wa Kijerumani, alishikilia kuwa ni kemia tupu. Mwaka 1864 Pasteur alithibitisha kuwa ule utando mwembamba juu ya mvinyo ni viumbe hai, navyo huhitaji hewa. Utando ukizama, kazi husimama. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi walioko Dzaleka, au mkazi wa Lilongwe, akitaka pombe ya ndizi iwe siki, naafunike mtungi kwa kitambaa tu, wala asiutikise. Twakiri kuwa subira hiyo ni ngumu kuliko gwaride.

Mwaka 1868, alipotoa kitabu chake juu ya siki, Pasteur alipooza upande wa kushoto, akiwa na miaka 45. Hakuacha kazi. Mwaka 1885 alisimamia uchanjaji wa mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akanusurika. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895.