Stelingi Aliyekufa Kabla ya Picha Kutoka

Kwetu Tukuyu mvua haina ratiba. Unaweza kuamka asubuhi unauona mlima Rungwe wote mpaka kileleni, saa nne ukungu umeshaufuta, saa sita unakimbia na jani la mgomba kichwani. Kwa sisi watoto mvua ilikuwa na maana moja tu: kibanda cha video.

Kibanda chetu kilijengwa kwa mabanzi nyuma ya soko. Kiingilio kilikuwa shilingi mia. Ndani kulikuwa na mabenchi sita, televisheni ya mgongo, deki, na kaka mmoja mwenye kipaza sauti aliyetafsiri picha huku akijitahidi kumwiga Lufufu wa Dar es Salaam. Sheria ya kibanda tuliijua wote kabla hatujajua jedwali la kuzidisha: kila picha ina stelingi na adui, na stelingi hafi.

Siku hiyo picha ilikuwa Enter the Dragon. Stelingi Bruce Lee, adui mzee mmoja anaitwa Han, mwenye kisiwa chake, askari wake, na mkono wa chuma unaobadilishwa kama bomba la baiskeli. Han alipomuua Williams, yule Mweusi mwenye afro aliyechezwa na Jim Kelly, kibanda kizima kilinuna. Tukaanza kumdai Bruce Lee atulipie. Akamkimbiza Han, akachanwa kifuani na kile chuma chenye visu vinne, na wote wawili wakaishia kwenye chumba cha vioo. Huyo Han, kule Han, Han kumi. Stelingi anapiga, anakuta kioo. Hapo hapo umeme ukakatika.

Tulisubiri mpaka giza la nje likawa sawa na la ndani. Hela haikurudishwa. Njiani kila mtu alijitungia mwisho wake. Mimi niliapa kwamba Bruce Lee aliruka juu akapita kwenye dari. Nyumbani nilimsimulia mjomba, ambaye ujana wake aliumalizia Dar enzi za majumba ya sinema. Akacheka, akasema mwisho wa picha anaujua, ila mimi sijui mwisho wa stelingi mwenyewe. Akaniambia kwamba mtu yule alishakufa siku nyingi, tena kabla picha ile haijaonyeshwa popote. Nililala nimekasirika. Niliona mjomba amevunja sheria ya kibanda.

Miaka ilipita. Mwaka wa pili chuoni nikapata sapu tatu. Bumu lilikuwa limeisha, nikarudi nyumbani kumsaidia mama kuchuma chai na kubeba parachichi kwenda barabara ya Kyela. Moyoni nilishaamua kwamba sirudi. Nilikuwa na mfano wa kujitetea nao: Bruce Lee naye aliacha chuo. Usiku mmoja nikaanza kusoma habari zake kwenye simu, nipate hoja za kumpelekea mama. Hoja sikuzipata. Nilichokipata ndicho ninachowaandikia hapa.

Alizaliwa tarehe 27 Novemba 1940 San Francisco, Marekani, kwa sababu baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni na kundi lake lilikuwa ziarani huko. Akakulia Hong Kong, akacheza filamu tangu utotoni, na akiwa kijana mdogo akajifunza Wing Chun chini ya Yip Man. Watu wengi hawajui kwamba mwaka 1958 alikuwa bingwa wa Hong Kong wa kucheza chacha. Lakini alikuwa mgomvi pia, mtu wa ngumi za mitaani, mpaka wazazi wakachoka. Mwaka 1959 wakampandisha meli kurudi alikozaliwa.

Huko Seattle stelingi wetu alikuwa mhudumu wa mgahawa wa Ruby Chow na alilala hapo hapo. Akamalizia sekondari, na mwaka 1961 akaingia Chuo Kikuu cha Washington. Akaanza kufundisha kung fu, na mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Mmarekani Mweusi, Jesse Glover. Wakati ule wapo Wachina walioona si sawa kuwafundisha watu wa nje. Yeye hakuchagua rangi.

Mwaka 1964 akaacha chuo bila digrii, akamwoa Linda Emery, wakahamia Oakland. Hapo ndipo hoja yangu ilipoanza kuyumba. Huyu hakuacha chuo ili akalale. Alikwenda kufungua shule ya kung fu, na vitabu hakuviacha: falsafa, ngumi za ulingoni, hata kitara cha Wazungu. Huko Oakland alipigana na Wong Jack Man. Nani alishinda, mashahidi hawakubaliani mpaka leo. Yeye mwenyewe hakuridhika, kwa sababu pambano lilichukua muda mrefu kuliko alivyotaka na pumzi ilimwisha. Akarudi kwenye mazoezi akaanza upya, na mwaka 1967 njia yake mpya ikapata jina, Jeet Kune Do.

Alichezea televisheni kama Kato kwenye The Green Hornet, 1966 hadi 1967, yaani msaidizi wa stelingi. Kisha milango ya Hollywood ikawa migumu. Mwaka 1970 akaumia mgongo akinyanyua vyuma, na madaktari wakamwonya kwamba huenda asipige tena teke. Miezi kadhaa alikuwa mtu wa kitandani, ana watoto wawili na hela ya mawazo. Alichofanya ni kuandika. Maandishi yake mengi ya wakati ule yaliingia kwenye kitabu kilichotolewa baada ya yeye kufa.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Mimi mgongo wangu ulikuwa mzima.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Akarudi Hong Kong. The Big Boss ikatoka 1971, Fist of Fury 1972, na mwaka huo huo The Way of the Dragon, aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe, ambamo anapambana na Chuck Norris kwenye Colosseum ya Roma na baada ya kumuua anamfunika kwa vazi lake na mkanda wake. Adui naye ana heshima yake. Mwanzoni mwa 1973 ikapigwa Enter the Dragon. Tarehe 20 Julai 1973 akafa Hong Kong kwa kuvimba ubongo, ana miaka 32. Picha ikaanza kuonyeshwa mwezi uliofuata. Amezikwa Seattle, na tangu 1993 mwanawe Brandon amelala kando yake.

Mjomba hakuwa amenidanganya.

Usiku ule ule nikaitafuta ile sehemu iliyokatwa na umeme. Han alichezwa na Shih Kien, mzee wa miaka 60 hivi, aliyekuwa amecheza adui kwenye filamu za Hong Kong tangu miaka ya 1940. Hata sauti ya Kiingereza tuliyoisikia si yake, ni ya Keye Luke. Vizuri. Stelingi amezungukwa na vioo, anatoka damu, anapiga hewa. Kisha anakumbuka mafundisho ya mwalimu wake, kwamba adui hujificha nyuma ya taswira, ukiivunja taswira umemvunja yeye. Anaacha kumtafuta Han. Anaanza kupasua vioo, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Han mmoja anapotea, mwingine anapotea, mpaka anabaki yule wa nyama. Teke moja, na adui ananing'inia kwenye mkuki alioutupa mwenyewe. Hakuna dari. Hakuna kuruka.

Nililala nikihesabu vioo vyangu. Kimoja ni wenzangu wanaotuma picha za mahafali. Kingine ni jirani anayeniita profesa kila nikipita na gunia. Nyuma yao wote walikuwepo maadui wa kweli watatu tu, masomo matatu, kila moja na tarehe yake ya mtihani.

Asubuhi nilimwambia mama narudi chuo. Hakuuliza kitu, alinifungia ndizi za kuchemsha za njiani. Sapu mbili nilizipita. Ya tatu ilinipiga, nikairudia mwaka uliofuata. Nimeandika haya kwa ajili ya yule aliyeko nyumbani sasa hivi, anayemtaja Bruce Lee kama sababu ya kutorudi. Mtaje, lakini msimulie yote.

Kile kibanda siku hizi ni duka la kubetia mikeka. Mabanzi ni yale yale, na mvua ikinyesha watoto bado wanasogea mlangoni kuchungulia televisheni.