Pedro Linares: Fundi wa karatasi aliyeota wanyama wasiokuwepo duniani

KATIKA maduka ya sanaa za mikono nchini Mexico, ni nadra mgeni kuondoka bila kukutana na alebrije. Hiyo ni sanamu ya mnyama asiyepatikana katika msitu wowote, mwenye mbawa za kipepeo, pembe za fahali na rangi kali mwili mzima. Sanamu hizo sasa zinatengenezwa na mafundi wengi, lakini mwanzo wake unatokana na mtu mmoja, Pedro Linares, ambaye kwa miaka mingi aliishi kwa kuuza vitu vilivyochanwa au kuchomwa moto mara sherehe zilipokwisha.

Linares alizaliwa Juni 29, 1906 katika Jiji la Mexico, na ufundi wa karatasi aliurithi kwa baba yake. Kazi hiyo, inayoitwa cartonería, hufanywa kwa kubandika tabaka za karatasi kwa gundi ya unga, kuzianika hadi zikauke na hatimaye kuzipaka rangi. Alitengeneza vinyago vya kuvaa usoni, mafuvu ya Siku ya Wafu na piñata ambazo watoto huzipasua kwa fimbo ili kupata peremende. Alitengeneza pia sanamu za Yuda Iskariote, ambazo hulipuliwa kwa fataki Jumamosi Kuu, siku moja kabla ya Pasaka.

Biashara hiyo ilifuata kalenda ya sikukuu. Msimu ukipita, wateja nao walipungua.

Mwaka 1936 Linares aliugua vibaya hata akapoteza fahamu. Kwa masimulizi yake, alijiona yumo katika msitu mtulivu, na ghafla mawe, mawingu na wanyama vikageuka viumbe vya ajabu vilivyopaza sauti kwa neno moja lisilo na maana: alebrijes. Alipopata nafuu alianza kuwaunda viumbe hao kwa karatasi, ili jamaa na majirani nao wawaone.

Miongoni mwa waliovutiwa na kazi zake walikuwa wachoraji mashuhuri Diego Rivera na Frida Kahlo. Mwaka 1975 filamu ya Judith Bronowski kuhusu maisha yake ilimtangaza nje ya mipaka ya nchi yake.

Umaarufu huo ulikuwa na upande wa pili. Katika jimbo la Oaxaca, hasa kijiji cha Arrazola alikoishi mchongaji Manuel Jiménez, mafundi walichonga wanyama wa kubuni kwa mti wa copal, na kazi zao pia zikaitwa alebrijes. Neno alilotoka nalo Linares katika homa likawa jina la bidhaa ya wengi, na wanunuzi wengi hudhani chimbuko lake ni Oaxaca.

Serikali ya Mexico ilimtunuku Tuzo ya Taifa ya Sayansi na Sanaa mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 84. Alifariki dunia Januari 1992, muda usiofika miaka miwili baada ya heshima hiyo.

Wanawe na wajukuu waliendeleza kazi. Tangu mwaka 2007, Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Jadi limekuwa likiandaa maandamano ya alebrijes wakubwa katika barabara za Jiji la Mexico, mji uleule alimozaliwa fundi huyo wa karatasi.